Yoga katika shule za Mfangano: utafiti utangulie, mkeka ufuate

Kisiwa cha Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay, kimezoea wageni wenye madaftari. Wamekuja kuchunguza samaki, Ukimwi, lugha ya Olusuba na michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga. Akija mwalimu anayetaka kuwafundisha watoto yoga na wakati huohuo kufanya utafiti pamoja na jamii, wazazi na walimu wana haki ya kumhoji kabla ya kumkabidhi darasa. Haya ndiyo maswali ninayoyaona kuwa mazito, na majibu yangu.

Swali: Yoga humsaidia nini mtoto wa shule ya msingi?

Humsaidia jambo dogo, lakini la kweli. Pumzi inapotolewa polepole, kwa muda mrefu kuliko ilivyovutwa, mapigo ya moyo hupungua kasi. Huo ni utaratibu wa mwili unaopimika, na hautegemei imani ya mtu. Mtoto akiuzoea, anapata namna ya kujituliza kabla ya mtihani au baada ya ugomvi uwanjani, bila gharama yoyote. Mikao nayo humjengea usawa wa mwili na kumzoesha kutuliza mawazo mahali pamoja. Mwalimu mwaminifu huishia hapo. Anayeahidi kwamba yoga itapandisha alama za hisabati au kumponya mtoto majonzi ya kufiwa anaahidi asichokuwa na ushahidi nacho. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa MYRIAD, uliohusisha zaidi ya wanafunzi 8,000 katika shule 85 za Uingereza. Baadhi ya shule zilifundisha mazoezi ya kutuliza fikra, ambayo ni jamaa wa karibu wa yoga, na nyingine ziliendelea na masomo yao ya kawaida. Afya ya akili ya waliofundishwa haikuwa bora kuliko ya wenzao, na wengi wao hawakuyagusa mazoezi hayo wakiwa nje ya darasa.

Hapa Kenya tunao ushahidi wa upande mwingine. Utafiti wa Shamiri, uliochapishwa mwaka 2021, ulihusisha wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Vikao vilikuwa vinne tu, vikiongozwa na vijana waliokuwa wametoka sekondari karibuni, na dalili zilipungua zaidi kuliko katika kundi lililofundishwa mbinu za kusoma. Vikao hivyo havikuwa vya yoga, tena wanafunzi wa tafiti hizi mbili walitofautiana umri, nchi na shida zao, kwa hiyo kuzilinganisha moja kwa moja hakufai. Hata hivyo zinanielekeza kwenye dhana inayofaa kujaribiwa: huenda anayefundisha, na jinsi mtoto anavyomwona kuwa mtu wake, ana uzito sawa na zoezi lenyewe au zaidi. Shirika la Africa Yoga Project limekuwa likiwaandaa vijana wa Nairobi kuwa walimu wa yoga tangu mwaka 2007. Mfangano nayo ingefaa kuandaa vijana wake, badala ya kumngoja mgeni wa likizo.

Swali: Kwa nini utafiti utangulie? Si afadhali watoto waanze mazoezi mara moja?

Kwa sababu ushahidi wa kisiwa chenyewe unaonyesha kwamba shida ya mtu mmoja hapa haikai kwa mtu mmoja. Mwaka 2017 Kathryn Fiorella na wenzake, wakiwamo watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walichapisha matokeo ya kuzifuatilia kaya 303 za kando ya Ziwa Victoria. Walikuta kwamba mvuvi akiugua haachi kuvua. Huacha safari ndefu za usiku kwenye maji ya kina, ambazo ndizo halali lakini zinadai nguvu, akarudi karibu na ufuo kwa njia zinazoharibu mazalia ya samaki. Ugonjwa wa mtu mmoja ukawa hasara ya ziwa zima, na hasara ya ziwa ni sufuria ya kila nyumba. Tuongeze hapo takwimu za kitaifa za mwaka 2018, zilizoonyesha maambukizi ya HIV kwa watu wazima wa Homa Bay kuwa asilimia 19.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Mtoto anayesinzia saa tatu asubuhi huenda aliamka usiku kumpa mzazi maji ya kumezea dawa, au alikuwa ufuoni akianika omena. Mwalimu asiyelijua hilo atamwita mvivu, na mwalimu wa yoga asiyelijua atamwambia afumbe macho na apumue. Wote wawili watakuwa wamekosea.

Kisiwa hikihiki kimetoa pia mfano wa tiba. Katika utafiti wa Kanyakla, watu waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali ya virusi walialikwa kuunda vikundi na ndugu na marafiki waliowachagua wenyewe. Walijifunza pamoja, na waliokuwa tayari wakaeleza hali zao mbele ya kikundi. Kiwango cha kukosa kliniki kwa siku 90 au zaidi kilikuwa chini kwa takriban nusu miongoni mwa walioshiriki. Dawa ilikuwa ileile na kliniki ileile. Kilichoongezwa ni watu ambao mgonjwa alikuwa nao tangu zamani. Ndiyo maana nasema anayetaka kuleta yoga Mfangano aanze kwa kuuliza watoto wanatulizwa na nani sasa hivi: nyanya, kaka mkubwa, kwaya ya kanisa au timu ya mpira. Halafu zoezi lipitie kwa hao. Mtoto aliyefundishwa peke yake darasani ataliacha zoezi getini, kama wanafunzi wengi wa Uingereza walivyofanya.

Swali: Je, huku si kumfundisha mtoto kuvumilia njaa na dhuluma kwa utulivu?

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na yoga inaweza kabisa kutumiwa hivyo. Darasa la watoto 70 waliokaa kimya huwapendeza wakubwa, hata kama ukimya wenyewe ni wa njaa. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza kumwadhibu mtoto kimwili au kumtesa kiakili. Pumzi isigeuzwe kuwa kiboko laini cha kunyamazisha. Mtoto awe na haki ya kukataa zoezi, kufumbua macho na kuondoka kwenye mkao bila kuulizwa sababu. Hapo ndipo utafiti unapomwokoa mwalimu: anayeandika kila wiki ni nani hakuja, nani hakula na nani analia, anakusanya ushahidi ambao hauruhusu mtu yeyote kusema kwamba pumzi imetosha. Ushahidi huo unapaswa kufika kwa chifu, kwa wazazi na kwa ofisi ya elimu, ili kilio cha chakula kipelekwe kama kilio cha chakula. Mwalimu wa yoga asiyekuwa tayari kuubeba ujumbe huo haifai shule.

Swali: Wazazi wengi ni watu wa kanisa. Je, yoga si ibada ya dini nyingine?

Asili yake ni India, na imeshikamana na mapokeo ya dini za huko. Kulificha hilo ni kuwadanganya wazazi. Suala hili limewahi kufika mahakamani. Huko Encinitas, California, wazazi walishtaki mwaka 2013 wakidai masomo ya yoga shuleni ni dini. Mahakama ilikataa, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaukubali uamuzi huo, kwa sababu yoga iliyofundishwa pale ilikuwa mazoezi ya mwili bila ibada. Jimbo la Alabama lilikuwa limeipiga marufuku shuleni mwaka 1993, likairuhusu mwaka 2021 kwa sharti kwamba kusiwe na nyimbo wala salamu za Kihindi. Kwa Mfangano napendekeza njia iliyo wazi zaidi: wazazi waitwe, waone kipindi kizima kwa macho yao, kisha waamue. Atakayekataa aheshimiwe, na mwanawe apewe mchezo mwingine, si adhabu ya kukaa peke yake.

Swali: Mwalimu anayetaka kuanza muhula ujao aanzie wapi?

Aanze na kibali. Utafiti nchini unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na idhini ya kamati ya maadili. Kwa watoto, mzazi atie sahihi na mtoto mwenyewe aulizwe. Afundishe kwa lugha ambayo watoto wanaielewa. Sera ya madarasa ya chini inataka lugha ya eneo, ambayo kisiwani ni Dholuo kwa wengi, na Olusuba, iliyo hatarini kutoweka, inastahili nafasi yake pia. Dakika tano kabla ya somo la kwanza zinatosha. Darasa jingine lipewe michezo ya kawaida kwa muda uleule, kwa kuwa bila ulinganisho hatutajua kama kilichosaidia ni yoga au ni kule kujaliwa tu. Kipimo kiwe kile ambacho shule tayari inacho: rejista ya mahudhurio, ugomvi uliofika ofisini, na maneno ya watoto wenyewe. Matokeo yasomwe kwanza kwenye baraza la Sena, hapo kisiwani, hata yakiwa mabaya, kabla hayajasomwa mahali pengine popote.

Na wewe mwalimu mkuu, ukiletewa mradi wa aina hii, usitie sahihi kabla ya kuonyeshwa kwa maandishi nani atamiliki takwimu za watoto wako na ni siku gani zitarudishwa kisiwani.