Ugonjwa wa Kiwele Usioonekana kwa Macho

Katika Thika na Ruiru, pande za Kiambu, jamaa nyingi hufuga ng'ombe wa gredi mmoja au wawili zizini, na fedha za maziwa ndizo zilipazo karo za watoto. Basi yafaa kila mfugaji afahamu ugonjwa mmoja upunguzao maziwa kwa siri.

Ugonjwa wa kiwele ni wa namna mbili. Wa kwanza hujulikana upesi: kiwele huvimba na kuwa cha moto, na maziwa hutoka mabonge. Wa pili umejificha. Ng'ombe hula vema, kiwele ni laini, maziwa ni meupe. Kumbe vijidudu vimekwisha kuingia kwa tundu la chuchu, na maziwa yazidi kupungua. Mwenye ng'ombe hudhani ya kuwa ni upungufu wa majani.

Mwaka 1957 wataalamu Schalm na Noorlander wa California, Marekani, walieleza njia nyepesi ya kuutambua. Hutumika kisahani chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu. Mkamuaji humwaga michirizi ya kwanza, kisha hukamua maziwa kidogo katika kila kikombe, hutia dawa ya kupimia kwa kiasi kile kile, na kukizungusha kisahani polepole kwa muda wa sekunde 10 hivi. Mchanganyiko ukibaki mwepesi, robo ile ya kiwele ni nzima. Ukiwa mzito kama ute wa yai, ina ugonjwa. Sababu ni kwamba mwili hupeleka chembe nyeupe za damu kupigana na vijidudu. Dawa ile, iliyo jamii ya sabuni, huzipasua, na vilivyomo ndani yake hufanya ute. Lakini ng'ombe aliyezaa siku chache tu zilizopita asipimwe hivyo, kwa kuwa chembe hizo huwa nyingi hata akiwa mzima.

Ng'ombe aonekanaye mgonjwa akamuliwe mwisho, asiwaambukize wenziwe, na mkamuaji anawe mikono. Aitwe daktari wa mifugo. Dawa isinunuliwe kwa kubahatisha. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yasiuzwe wala kunywewa hata zitimie siku alizoagiza daktari. Tena kila ng'ombe akiisha kukamuliwa apewe majani, apate kusimama nusu saa hivi hata matundu ya chuchu yafunge, asilale juu ya samadi.

Kupima kila mwezi ni kazi ya dakika chache. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Na mfugaji asiyepima hatakiona.