Mishipa ya Fahamu, Walinzi wa Mwili

1. Katika mji ulio na jumbe mwenye akili, habari hazikawii njiani. Moto ukizuka pembeni mwa mji, tarishi hupiga mbio hata nyumbani kwa jumbe, na jumbe hutoa amri mara moja. Mwili wa mwanadamu nao umepangwa vivyo hivyo. Jumbe wake ni ubongo; barabara yake kuu ni ugwe wa mgongo; na njia ndogo ziendazo kila mtaa wa mwili ni mishipa ya fahamu.

2. Ubongo ni kitu laini sana, nao umehifadhiwa ndani ya fuu la kichwa lililo gumu. Kwa mtu mzima uzito wake wapata gramu 1,400. Sehemu iliyo kubwa kuliko zote huitwa ubongo mkubwa. Hiyo ndiyo ya kufikiri, kukumbuka, kuona, kusikia na kuviamuru viungo. Nusu yake ya kuume huamuru mkono na mguu wa kushoto, na nusu ya kushoto huamuru wa kuume. Chini yake, upande wa kisogoni, pana ubongo mdogo, ambao kazi yake ni kusawazisha mwendo. Mwanamke achukuaye mtungi kichwani pasipo kuushika hutegemea sana kazi ya ubongo mdogo. Chini kabisa pana shina la ubongo, liongozalo pumzi na mapigo ya moyo, hata mtu alalapo usingizi.

3. Kutoka katika shina hilo, ugwe wa mgongo hushuka ndani ya tundu la pingili za uti wa mgongo. Urefu wake kwa mtu mzima wapata sentimita 45. Jozi 31 za mishipa ya fahamu hutoka katika ugwe huo kwenda mikononi, kiwiliwilini na miguuni. Jozi nyingine 12 hutoka kichwani kwenda machoni, masikioni, puani, ulimini na kwingineko. Mishipa hii isidhaniwe kuwa ni mishipa ya damu. Imefanana na kamba nyeupe, na kila kamba ina nyuzi nyingi nyembamba ndani yake. Ziko nyuzi zipelekazo habari kwa ubongo, na ziko nyuzi zichukuazo amri za ubongo kwenye misuli.

4. Habari zote haziendi kwa mwendo mmoja. Habari za kugusa huenda upesi sana, zapata mita 50 kwa sekunde moja. Habari za maumivu ya kuwanga huenda polepole, kama mita moja tu kwa sekunde. Kwa sababu hiyo mtu akijikwaa kidole cha mguu, kwanza huhisi pigo, kisha baada ya kitambo kidogo maumivu ya kuwanga humjia.

5. Pengine hatari ni kubwa, wala hapana nafasi ya kungoja shauri la jumbe. Mtoto agusapo chungu cha moto, mkono wake huruka nyuma kabla hajajua kuwa ameungua. Habari ilipofika katika ugwe wa mgongo, ugwe wenyewe ulitoa amri, na misuli ya mkono ikatii. Habari hiyo hiyo iliendelea na safari yake mpaka ubongoni, na ilipofika huko ndipo mtoto alipolia. Kama mkono ungalingoja amri ya ubongo, ungaliungua zaidi.

6. Watu wengi huyahesabu maumivu kuwa adui. Walakini mtu asiyeweza kuumwa yu katika hatari kubwa, na ugonjwa wa ukoma umeonyesha jambo hilo waziwazi. Tangu zamani watu waliona vidole vya wakoma vikipungua, wakasadiki kwamba ugonjwa huo hula nyama na mifupa. Wengine walisema ni laana, wengine walisema ni ugonjwa wa ukoo, na wagonjwa wakafukuzwa vijijini. Mwaka 1873 tabibu mmoja wa Norway, jina lake Gerhard Armauer Hansen, aliviona vijidudu vya ukoma kwa hadubini. Vijidudu hivyo hukaa katika ngozi na katika mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi, kama ule upitao nyuma ya kiwiko. Huo ndio mshipa umpao mtu ganzi mpaka kidole cha mwisho ajigongapo kiwiko. Mshipa ukiharibiwa, njia ya tarishi imefungwa, na mkono hauleti habari tena.

7. Tabibu Paul Brand alianza kazi yake katika mji wa Vellore, India, mwaka 1946. Siku moja alishindwa kufungua kufuli lenye kutu. Mtoto mmoja mwenye ukoma, aliyekuwa mdogo na mwembamba, akaushika ufunguo, akauzungusha kwa nguvu, kufuli likafunguka. Tabibu alistaajabia nguvu zile, kisha akaona damu ikidondoka. Kidole cha mtoto kilikuwa kimekatika mpaka mfupa ukaonekana, wala mwenyewe hakuwa na habari. Pia wako wagonjwa walioamka asubuhi wakaona sehemu ya kidole haipo. Ikawekwa zamu ya usiku, na mlinzi akaona panya akikitafuna kidole cha mtu aliyelala bila kushtuka. Tangu hapo wagonjwa walipewa paka. Hivyo Brand na wenzake walitambua kwamba ukoma hauli vidole. Ukoma huua mishipa ya fahamu. Kisha moto, miiba, zana na vidonda visivyotunzwa huviharibu vidole kidogo kidogo. Wagonjwa wakafundishwa kuvaa viatu, na kutazama mikono na miguu yao kila siku kwa macho, maana mlinzi wa asili hayupo tena.

8. Siku hizi ukoma unapona. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza mgonjwa apewe dawa mbalimbali pamoja, na siku hizi huzitumia kwa miezi 6 au 12 kwa kadiri ya ugonjwa wake, na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bila malipo. Mgonjwa aanzaye kutumia dawa haambukizi wengine, basi hapana sababu ya kumkimbia wala kumtenga. Lakini dawa huua vijidudu tu. Haiwezi kuufufua mshipa uliokwisha kufa. Kwa hiyo kukawia ni hasara. Alama ya kwanza aghalabu ni baka katika ngozi, lenye weupe au wekundu, lisilowasha wala kuuma. Tabibu hupapasa baka hilo kwa pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho. Asipohisi kitu, yafaa atibiwe mara moja. Watu wengi hulidharau baka kwa kuwa haliumi, kumbe kutouma kwake ndiyo habari ya hatari.

Maswali

1. Ubongo mdogo una kazi gani?
2. Kwa nini mtu ajikwaaye huhisi pigo kwanza na maumivu ya kuwanga baadaye?
3. Eleza jinsi mkono uondokavyo motoni kabla ubongo haujatoa amri.
4. Ni mambo gani yaliyomwonyesha Paul Brand kwamba ukoma hauli vidole?
5. Mtoto ameona baka mgongoni mwa nduguye, naye ndugu asema, "Haliumi, liache." Mtoto huyo amjibuje?