Okidi Nyumbani: Kivuli na Hewa Kwanza, Nailoni Baadaye

Okidi ni maua yanayodumu. Shina moja la maua, likitunzwa, hupamba sebule kwa wiki kadhaa, na mmea wenyewe huishi miaka mingi. Hata hivyo, si ajabu mkazi kununua okidi iliyochanua, akaiweka ndani ya kivungulio cha nyanya akidhani anaitunza, na kabla ya miezi mitatu kuisha ikaoza.

Kivungulio kilibuniwa katika nchi za baridi ili kuzuia joto lisitoke. Katika Kaunti ya Kwale joto si haba. Kinachohitajika hapa ni kupunguza makali ya jua, kuachia upepo upite na kuzuia mvua iliyozidi. Kwa hiyo okidi za pwani zinafaa zaidi kwenye banda la kivuli lililo wazi pande zote kuliko nyumba ya nailoni iliyofungwa, na gharama yake ni ndogo pia.

Kwa nini udongo huua okidi

Okidi nyingi za mapambo kwa asili huishi juu ya miti. Hazinyonyi mti huo. Hushikilia gome tu na kupata maji ya mvua na umande. Mizizi yake imezungukwa na utando mweupe kama sifongo, ambao hunywa maji haraka kisha hukauka kwa upepo. Mizizi ya namna hii ikifukiwa kwenye udongo mzito hukosa hewa na kuoza. Hivyo basi, kila hatua ya ujenzi na utunzaji inalenga jambo moja: mizizi ilowe, kisha ikauke.

Kuchagua mmea kulingana na mahali

Vanda na Dendrobium za nchi za joto hustawi vyema katika ukanda wa Diani, Ukunda na Msambweni. Phalaenopsis, ambayo ndiyo huonekana zaidi madukani, hustawi pia, lakini hutaka kivuli kizito zaidi. Kwenye vilima vya Shimba, ambako asubuhi huwa na ukungu, mimea huhitaji kumwagiliwa mara chache. Kinango na maeneo mengine makavu yatahitaji maji mara nyingi zaidi na kinga ya upepo mkavu. Cymbidium haifai Kwale: ili ichanue huhitaji usiku wenye baridi kama ule wa nyanda za juu.

Kujenga banda la kivuli

Banda la urefu wa mita 3 na upana wa mita 2 linatosha familia kuanza, na litabeba vyungu 50 bila kusongamana. Hatua ni hizi:

1. Eneo lichaguliwe mahali panapopata jua la asubuhi na palipo mbali na maji yanayotuama.

2. Nguzo 6 za mvinje zisimamishwe, 3 kila upande. Sentimita 60 ziingie ardhini na kushikwa kwa zege ili mchwa wasizifikie kwa urahisi. Kimo cha banda kiwe mita 2.5, kwa kuwa banda fupi hukusanya joto.

3. Neti ya kivuli itandazwe juu na kukazwa kwa waya. Neti huuzwa kwa asilimia ya jua inayozuia. Kwa Vanda na Dendrobium, neti ya asilimia 50 inafaa. Phalaenopsis ipewe asilimia 70 hadi 80. Anayetaka kuchanganya aina hizi anaweza kutandaza neti ya asilimia 50 banda zima, kisha aongeze tabaka la pili juu ya upande wa Phalaenopsis.

4. Pande ziachwe wazi. Wanaoishi karibu na ufuo waweke neti upande wa kusini na mashariki, kwa sababu upepo wa Kusi hubeba chumvi ya bahari inayounguza majani.

5. Ndani kijengwe kichanja kila upande, chenye upana wa sentimita 60, na njia ya sentimita 80 ibaki katikati. Kichanja kiwe cha fito zilizoachana au wavu wa waya ili maji yapite na hewa ipande kutoka chini. Vanda zining'inizwe kwenye boriti za juu.

6. Sakafu imwagwe kokoto. Ikimwagiwa maji wakati wa jua kali, hupoza banda na kuongeza unyevu hewani.

Nailoni ina nafasi yake. Wakati wa masika, mvua ya siku nyingi hujaza maji katikati ya majani ya Phalaenopsis na kuozesha moyo wa mmea. Karatasi ya nailoni angavu iliyowekwa kwa mteremko juu ya upande huo, bila kufunika kuta, huzuia hasara hiyo.

Makuti pia yanaweza kutumika mahali pa neti, mradi yapangwe kwa kuachana ili miale ipenye. Paa la makuti lililosukwa kama la nyumba huleta giza, na okidi iliyo gizani hutoa majani tu bila maua.

Kupima mwanga kwa mkono

Saa sita mchana, mkono unyooshwe sentimita 30 juu ya majani. Kivuli cha mkono kikiwa na kingo kali, jua limezidi. Kikionekana kwa ukungu, mwanga unatosha. Kisipoonekana kabisa, pana giza mno. Majani nayo hutoa habari: ya kijani kibichi sana yanadai mwanga zaidi, na yenye mabaka yaliyoungua yanadai kivuli.

Vyungu na vijazio

Pwani ina vifaa vingi vya kujazia vyungu: vipande vya mkaa vyenye ukubwa wa kidole gumba, vipande vya matofali ya kuchoma, na makumbi ya nazi. Makumbi yana chumvi. Yakatwe vipande, yalowekwe siku kadhaa na maji yake yabadilishwe mara kwa mara kabla ya kutumika. Kwa kuwa huoza, yabadilishwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Chungu kiwe na matundu mengi. Vanda haihitaji kijazio chochote. Kikapu cha fito kinatosha.

Maji na mbolea

Maji yatolewe asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku. Vanda iliyoning'inizwa hunyweshwa kila siku isiponyesha. Zilizo chunguni, kila baada ya siku 2 au 3. Mizizi hai ikilowa hubadilika kutoka rangi ya fedha kuwa kijani, na hapo mkulima hujua imekunywa vya kutosha.

Maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi, na chumvi hukausha ncha za mizizi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi ndiyo bora. Tangi lifunikwe, na visahani visiachwe na maji chini ya vyungu, kwani humo ndimo mbu huzaliana.

Mbolea ya N.P.K. 20-20-20 inayoyeyuka majini, robo kijiko cha chai kwa lita 4, mara moja kwa wiki, inatosha. Mbolea ikizidi huunguza mizizi.

Okidi kwenye mti wa uani

Asiye na nafasi ya banda anaweza kutumia mwembe au mfenesi uliopo. Mpera na mkalitusi haifai, kwa maana hubambuka gome na okidi huanguka nalo. Mmea ufungwe upande wa mashariki wa shina kwa kamba ya makumbi au kitambaa, mizizi ikigusa gome. Wakati mwafaka ni mwanzo wa masika, ili mizizi iwe imeshika kabla ya joto kavu la Kaskazi.

Wadudu na magonjwa

Wadudu magamba na wale weupe kama pamba hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Konokono waokotwe usiku. Kisu cha kukatia kipitishwe motoni kila kinapotoka mmea mmoja kwenda mwingine, kwani virusi vya okidi havina tiba na huenea kwa njia hiyo.

Mche utoke kwenye kitalu, si msituni

Kwale ina okidi zake za asili. Mojawapo ni Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoadoa ya kahawia, ambayo kimataifa imeorodheshwa miongoni mwa mimea iliyo hatarini kwa sababu ya kuchumwa kupita kiasi. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na msituni haioti bila msaada wa kuvu maalumu. Mmea unaong'olewa leo huchukua miaka kupata mrithi, na mara nyingi hufia njiani mizizi ikiwa imekatika.

Shimba Hills imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968, na misitu ya Makaya ya Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kuchukua mimea katika maeneo haya bila kibali ni kosa. Aidha, okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Kenya ni mwanachama. Kuisafirisha nje ya nchi huhitaji kibali cha KWS na cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS.

Mnunuzi anaweza kutambua mmea wa msituni: hauna chungu, mizizi imekatwa au bado ina vipande vya gome, na majani yana makovu. Wa kitalu una mizizi iliyofuata umbo la chungu.

Njia rahisi ya kuongeza mimea ni kutumia vichipukizi vinavyoota juu ya mashina ya Dendrobium. Mizizi yake ikifikia sentimita 5, hukatwa na kupandwa. Vikundi vya akina mama na vijana vinavyotaka kuuza maua vinashauriwa kuanza na mimea michache ya namna hii, vijue soko la hoteli na sherehe za karibu, kisha vipanue banda kidogo kidogo. Ushauri zaidi hupatikana kwa afisa wa kilimo wa wadi.