Somo: Kulimbikiza Vitu na Khofu ya Utotoni

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: fahamu, ewe ndugu Muislamu, ya kuwa kulimbikiza vitu ni namna nne, na hukumu zake si moja.

Ya kwanza ni akiba ya chakula cha nyumba. Hii yajuzu, kwani Mtume (s.a.w.) aliwawekea watu wake chakula cha mwaka. Ya pili ni kuficha dhahabu na fedha pasi na kutoa zaka. Ya tatu ni ihtikari, nayo ni kununua chakula wakati wa ughali na kukizuia ili kizidi bei. Hizi mbili ni haramu.

Ya nne ni ya mtu ajazae nyumba magunia matupu, chupa, makopo na matambara, asiweze kutupa hata kimoja, mpaka mkewe akosa pa kulala. Watu humwita bakhili. Lakini bakhili huzuia chenye thamani. Huyu hulinda hata kisicho na thamani. Mara nyingi ugonjwa wake si uchoyo, ni khofu.

Waganga wa akili wa Marekani waliyahesabu haya kuwa maradhi ya peke yake mwaka 2013. Dalili zake aghalabu huanza katika ujana, zikazidi kwa umri. Nasaba ina fungu lake, na misiba ina fungu lake. Ufukara peke yake haukuthibiti kuwa sababu. Kukosa utulivu na mapenzi nyumbani nako kumehusishwa na maradhi haya. Mtoto ahamishwaye nyumba hata nyumba huona watu wakiondoka, bali kitu alichokishika mkononi kikabaki.

Wala si lazima awe hivyo. Mtume wetu alifiwa na babake kabla ya kuzaliwa, na mamake akiwa na miaka 6, na babu yake akiwa na miaka 8. Naye alipofariki hakuacha dinari wala dirhamu. Kila alipofiwa, palikuwa na jamaa wa kumpokea. Sura ya Dhuha yamkumbusha hifadhi hiyo, kisha yamkataza kumwonea yatima.

Basi baba aliyetoa talaka na ajue: katika madhehebu ya Imamu Shafii, mtoto mdogo hukaa na mamake hata afikilie kupambanua, yapata miaka 7, kisha huchagua, na nafaka yake ni juu ya baba. Amvutaye mtoto huku na huku ili kumkomoa mamake, ampandia khofu itakayomea uzeeni.

Na mwenye jamaa aliyekwisha patwa, asimchomee vitu vyake kwa siri, kwani khofu itazidi. Ampeleke kwa mganga wa hospitali, na vitu vitolewe kidogo kidogo kwa ridhaa yake. Lakini haki ya mke kupata makao yafaayo haianguki, kwani madhara katika sharia huondolewa.

Udongo upatilize ungali maji. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe makimbilio ya watoto wetu. Amin.