Diski haifunguki: okoa picha kwanza

SWALI: Diski yangu ya nje ya TB 1 haifunguki. Ubuntu inaiona, lakini nikijaribu kuifomati inagoma. Ndani zimo picha za harusi yetu. Nifanyeje?

JIBU: Acha kuifomati, tafadhali. Ukiisikia ikigonga “tak, tak”, ichomoe upesi na uipeleke kwa fundi wa kuokoa data, maana kila dakika inayozunguka inazidi kuumia.

Ikiwa kimya, badilisha kwanza waya wa USB; mara nyingi ubovu uko hapo. Bado? Andika lsblk ujue jina lake. Hapa usikosee hata herufi moja: sda mara nyingi huwa ndiyo diski ya kompyuta yenyewe, ila si kila mara. Tuseme yako ni sdb. Sakinisha gddrescue, kisha, ukiwa kwenye diski nyingine nzima yenye nafasi ya zaidi ya TB 1, andika:

sudo ddrescue -d /dev/sdb nakala.img nakala.map

Programu hii huchukua kwanza sehemu zinazosomeka, ndipo irudie zilizokwama. Faili la map hukumbuka ilipofikia, hivyo umeme ukikatika utaendelea palepale. Picha zitoe kwenye nakala kwa photorec, na uzifungue kuhakikisha.

Sasa fomati: sudo wipefs -a /dev/sdb, kisha tengeneza jedwali la GPT na ext4 kwa GParted. Mwisho, endesha sudo smartctl -a /dev/sdb. Current_Pending_Sector ikizidi sifuri hata baada ya kufomati, usiiwekee tena kitu cha thamani.