Shemeji naye apimwe



Leo namjibu mdogo wangu wa Urambo. Ndoa ina miaka minne, mtoto hajapatikana. Mama mkwe kamnywesha mizizi ya kila rangi, hospitali wamempiga picha ya kizazi, na mawifi wameshaanza kumwita mgumba, tena asikie. Nilimuuliza: mumeo, shemeji yangu, amepimwa nini? Akasema: "Dada, yeye mzima, kitandani hana shida."

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Jogoo anaweza kuwika usiku kucha na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Kwa macho hujui, inayoona ni darubini. Ndoa zinazokawia kupata mtoto, karibu nusu yake mume naye anachangia. Kiwango cha chini cha kawaida kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni mbegu milioni 16 kwa mililita moja. Aliye chini ya hapo hajafungiwa mlango, ila huenda akasubiri zaidi.

Sasa shemeji mwenyewe ni mkulima wa tumbaku. Anapulizia dawa kifua wazi, bomba linamvujia mgongoni, kisha anakula muhogo kwa mikono ileile. Msimu wa kukausha, anakesha mdomoni mwa bani, banda la kukaushia tumbaku, akichochea magogo, sigara mkononi. Korodani zinaning'inia nje kwa sababu zinataka ubaridi, nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili. Yeye anazichoma. Na sigara nayo hupunguza mbegu na kuzilegeza.

Kuhusu dawa, mwaka 1977 huko California wafanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya mizizi, walishtuka wenyewe katika mazungumzo: mbona hakuna anayepata mtoto? Walipopimwa, wengi walikutwa na mbegu chache sana, na wengine hawana kabisa. Sisemi dawa ya shambani kwenu ndiyo hiyo. Nasema avae barakoa, glavu na shati la mikono mirefu, aoge kabla hajakushika.

Kuna na mengine: kisonono kisichotibiwa kikaziba mirija, matubwitubwi yaliyompata ukubwani, mishipa ya korodani iliyovimba (hii mara nyingi hutibika), gongo kila jioni. Na nyie vijana wa jimu mjini, sindano za homoni za kukuza misuli huzima kiwanda cha mbegu. Kifua kinatanuka, mbegu zinakwisha!

Tena kuna jambo la muda. Mbegu hutengenezwa kwa siku sabini na kitu, kisha inasafiri hadi ikomae. Kwa jumla weka miezi mitatu. Ni kama msafara wa zamani: mpelelezi Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akaingia Tabora Juni. Mbegu ya leo ilianza safari miezi mitatu nyuma, ikapitia homa kali ya malaria na joto la bani la wakati ule. Kwa hiyo shemeji akiacha sigara Jumatatu, usimpime Ijumaa ukakata tamaa.

Kipimo chenyewe hakina kisu. Mkae siku mbili hadi saba bila kukutana, atoe manii kwenye kichupa safi cha maabara, si ndani ya kondomu. Akitolea nyumbani, yafike maabara ndani ya saa moja, yakiwa mfukoni karibu na mwili yasipoe. Majibu yakiwa mabaya, arudie tena. Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu.

Najua atanuna. Mwambie babu zake walibeba pembe za ndovu mabegani kwa miguu mpaka Bagamoyo. Kufika hospitali ya Kitete, Tabora, kwa basi hakutamshinda. Muende wote wawili, mkaulizie kipimo hicho. Mizizi ya mama mkwe iache kabatini kwanza, na majibu ya shemeji yakitoka uniandikie.