Dira Ndogo ya Mfukoni Yenye Kipimajoto: Namna ya Kuichagua na Kuijaribu

Katika madukani hupatikana dira ndogo sana, yenye upana wa sentimeta 2 au 3 tu, iliyounganishwa na kipimajoto na kutiwa pete ya funguo. Bei yake ni nafuu, nayo huchukuliwa mfukoni bila taabu. Je, chombo kama hicho chafaa kuongoza kundi la wanafunzi wanaoshuka kwa miguu kutoka nyanda za juu za Tarime kwenda bonde la Mto Mara, au wanaotembea katika vijiji vya Wilaya ya Serengeti vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa?

Swali hilo si dogo. Mtu akikosea mwelekeo kwa nyuzi 5, baada ya kwenda kilometa 10 atakuwa amepotoka kwa meta 870 hivi. Katika Serengeti umbali huo waweza kumtoa mtu katika njia ya kijiji na kumwingiza hifadhini, ambamo wamo wanyama wakali, na ambamo kuingia bila kibali ni kosa la jinai. Kwa hiyo dira hainunuliwi kwa uzuri wake. Hununuliwa baada ya kujaribiwa, na hujaribiwa mahali pale itakapotumiwa.

Kwa nini mahali ni muhimu

Watu wengi hudhani kwamba sindano ya dira huelekea kaskazini tu. Kwa kweli sindano hufuata mistari ya nguvu za sumaku ya dunia, nayo mistari hiyo hailali sambamba na ardhi ila katika sehemu chache. Robert Norman, fundi wa vyombo vya mabaharia mjini London, alieleza jambo hili katika kitabu alichokichapisha mwaka 1581. Aliona kwamba sindano iliyosawazishwa barabara juu ya kigingi chake, ikisha kutiwa usumaku, ncha yake ya kaskazini huinama. Pembe hiyo ya kuinama huitwa mwinamo.

Mjini London mwinamo ni nyuzi 66 hivi. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo mwinamo ni sifuri, haifuati ikweta ya kijiografia. Katika Afrika ya Mashariki hupita Ethiopia, si mbali na Addis Ababa. Mkoa wa Mara uko kusini ya mstari huo. Mwinamo wake ni nyuzi 25 hivi, tena kwa upande ulio kinyume: huku ncha inayovutwa chini ni ile ya kusini.

Watengenezaji hurekebisha mwinamo kwa kuongeza uzito mdogo upande mmoja wa sindano. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya ya Kaskazini huwekewa uzito upande wa kusini. Dira hiyo ikiletwa Tarime, uzito ule na mvuto wa dunia hushirikiana kuiangusha ncha ya kusini. Sindano huweza kukwaruza sakafu ya kikebe au kukwama kabisa, na mwenye nayo asijue. Baadhi ya watengenezaji huigawa dunia katika kanda na kutengeneza sindano kwa kila ukanda. Wengine hutengeneza sindano maalumu inayofaa kila mahali. Lakini dira ndogo za bei nafuu aghalabu hazionyeshi zilisawazishwa kwa ukanda gani.

Jambo jingine ni mchepuko, yaani tofauti baina ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi. Katika Tarime na Serengeti tofauti hiyo kwa sasa haizidi nyuzi 2. Kwa dira ndogo iliyogawanywa kwa nyuzi 5 au 10 inaweza kuachwa, ingawa mwalimu hana budi kuwafahamisha wanafunzi kwamba hubadilika polepole mwaka hata mwaka.

Majaribio kabla ya kununua

Jaribio la kwanza. Dira iwekwe juu ya meza ya mbao iliyo sawa, mbali na vyuma. Sindano izunguke kwa wepesi na kutulia bila kugusa sakafu wala kioo. Kisha upande mmoja wa dira uinuliwe kidogo. Dira inayofaa huendelea kufanya kazi hata ikiinamishwa kidogo, kwa maana mkono wa mtembeaji hauwi sawa kama meza.

Jaribio la pili. Msumari usogezwe karibu hadi sindano igeuke, kisha uondolewe mbali. Sindano irudi palepale ilipokuwa. Jaribio lirudiwe mara tano. Ikiwa kila mara hutulia mahali tofauti, kigingi chake kina msuguano mwingi.

Jaribio la tatu. Sindano ielekezwe kitu kilicho mbali, kama mti au kilima, kisha kikebe kizungushwe kwa robo duara mara nne. Sindano yapasa kuendelea kuelekea kitu kilekile. Ikiwa inafuata kikebe hata kidogo, ndani yake mna chuma kinachoivuta.

Jaribio hili la tatu ni la lazima kwa dira yenye kipimajoto. Kuna vipimajoto vya aina mbili. Cha kwanza ni mrija mwembamba wenye spiriti iliyotiwa rangi; huu hauna usumaku. Cha pili kina mshale unaozungushwa na utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja. Moja ya metali hizo mara nyingi ni mchanganyiko wa chuma na nikeli, nao huvutwa na sumaku. Kwa hiyo kipimajoto chenyewe chaweza kuipotosha dira jirani yake. Chenye mrija ndicho bora. Pete ya funguo ya chuma nayo iondolewe, na mahali pake itiwe kamba.

Simu ya mkononi na spika zina sumaku. Dira ndogo ikiwekwa pamoja nazo mfukoni, sindano yake huweza kugeuzwa ncha, kaskazini ikawa kusini.

Kipimajoto

Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila meta 1,000 za kupanda. Uso wa Ziwa Victoria uko meta 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Tarime meta 1,500 hivi. Tofauti ya meta 366 yatazamiwa kuleta upungufu wa nyuzi 2.4 tu. Kipimajoto kilichogawanywa kwa nyuzi 2 hakiwezi kuonyesha tofauti hiyo kwa uhakika.

Aidha, kipimajoto kilichotolewa mfukoni hupima joto la mwili, na kilichoachwa juani hupima joto la miali. Kitundikwe kivulini penye upepo kwa dakika 10 ndipo kisomwe. Kukihakikisha, kitiwe katika mfuko mwembamba wa nailoni na kuzamishwa katika barafu iliyopondwa yenye maji kidogo: yapasa kionyeshe sifuri. Kisitiwe katika maji yanayochemka, kwani huharibika.

Kuihakikisha dira kwa jua

Fimbo isimamishwe wima penye uwanja sawa. Saa 4 asubuhi alama iwekwe kwenye ncha ya kivuli, kisha duara lichorwe kwa kamba, fimbo ikiwa katikati na duara likipita kwenye alama hiyo. Alasiri, yapata saa 9 na nusu, ncha ya kivuli itaigusa tena duara. Hapo iwekwe alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo huelekea mashariki na magharibi halisi. Dira ikiwekwa juu yake, isipishane nao kwa zaidi ya nyuzi 5.

Jaribio hili lafaa kurudiwa sehemu mbalimbali. Katika Mkoa wa Mara mna mawe ya kale sana yenye dhahabu, ambayo baadhi ya tabaka zake zina madini ya chuma yenye usumaku. Radi nayo hutia usumaku katika miamba inayoipiga. Kwa sababu hiyo dira isisomwe ikiwa imewekwa juu ya mwamba. Msomaji asogee hatua kadhaa na kusoma tena. Masomo mawili yakitofautiana sana, asiyaamini yote mawili.

Dira ndogo iliyopita majaribio haya hutosha kushika mwelekeo wa jumla, ikiambatana na ramani. Iliyoshindwa ibaki darasani, ambako hata kosa lake litafundisha.

Maswali

1. Kundi limetembea kilometa 12 kwa dira yenye kosa la nyuzi 3. Limepotoka kwa meta ngapi? (Tanjenti ya nyuzi 3 ni 0.052.)

2. Kwa nini dira mbili zisijaribiwe zikiwa zimekaribiana mezani?

3. Saa za Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Tarime iko karibu nyuzi 34.4. Eleza kwa nini kwa wastani kivuli kifupi kabisa hapo huonekana yapata saa 6 na dakika 42 mchana.